Figo iliyotolewa na habari za figo iliyobaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameandikwa kwa ajili ya wagonjwa na jamaa zao wa Tanga mjini, Muheza, Pangani, Korogwe na kwingineko mkoani, ambao wameambiwa kuna uvimbe kwenye figo, au wameshafanyiwa operesheni na wanasubiri bahasha ya majibu. Kila mtu akifungua bahasha hiyo hutafuta neno kansa kwanza. Ni haki yake. Lakini sampuli hiyohiyo huwa na habari nyingine, ya ugonjwa wa figo usio kansa, na mara nyingi ndiyo inayoamua mgonjwa ataishi vipi baada ya kidonda kupona.

Tumeambiwa baba ana uvimbe wa figo. Presha na kisukari vinaingiaje kwenye majibu ya kinyama, yaani kipande cha nyama kinachopimwa maabara?

Daktari akitoa figo yenye uvimbe, anatoa pia nyama ya figo iliyo pembeni, isiyo na kansa. Nyama hiyo imeishi na mwenyewe miaka yote: imepitia presha yake, sukari yake, sigara zake na dawa zake za maumivu. Mtaalamu wa patholojia akiiweka chini ya darubini anaweza kuona alama za maradhi ambayo mgonjwa hajawahi kuambiwa anayo. Tena si bahati mbaya vitu hivi kukutana. Presha, unene na sigara huongeza uwezekano wa kupata kansa ya figo, na hivyohivyo ndivyo vinavyoichakaza figo taratibu. Anayekuja na uvimbe, basi, mara nyingi anakuja na figo iliyochoka tayari.

Figo mbovu imeshatolewa. Makovu yake yanatuhusu nini sasa?

Uvimbe ulikuwa upande mmoja. Presha na kisukari havichagui upande. Kama figo ya kushoto iliyotolewa ina vichujio vilivyokufa na mishipa iliyokakamaa, ya kulia iliyobaki tumboni ina hali inayofanana, kwa sababu damu iliyopita humo ni ileile.

Kila figo ina takriban vichujio milioni moja. Kazi yake ni kama ya kifumbu cha tui: maji na taka vipite, kilicho kizito kibaki. Ikibaki figo moja, vichujio vyake hutanuka na kuchapa kazi zaidi ili kuziba pengo, na kwa mtu mwenye afya hilo hufanikiwa vizuri. Kwa mwenye makovu, vichujio vichache vilivyosalia ndivyo vinavyobebeshwa mzigo wote, navyo huanza kufa kimoja kimoja. Hakuna maumivu. Mtu anakuja kushtuka miaka kadhaa baadaye, miguu imevimba na kreatinini (taka ya damu inayopimwa ili kujua figo zinachuja vipi) iko juu, na kila mtu anadhani kansa imerudi.

Mbona watu wanaowapa ndugu zao figo wanaishi vizuri tu na figo moja?

Kwa sababu wamechaguliwa. Tangu Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2017, jamaa wengi wamejitolea, na kabla ya kukubaliwa mtoaji hupimwa presha, sukari, protini kwenye mkojo na nguvu ya kila figo. Mwenye dalili ya ugonjwa hurudishwa nyumbani. Mgonjwa wa uvimbe hachaguliwi na mtu. Mara nyingi ana umri mkubwa, huenda ana presha ya miaka kumi anayoimezea dawa siku anayosikia kichwa kinauma. Kuwalinganisha hao wawili si haki.

Kreatinini ya mama kabla ya operesheni ilikuwa nzuri. Bado kuna haja ya kuangalia tishu?

Ipo. Kreatinini ni kipimo kinachochelewa kusema. Mtu, hasa mzee mwenye mwili mdogo, anaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya figo huku namba ikisomeka ya kawaida, kwa kuwa kreatinini hutoka kwenye misuli na yeye misuli hana.

Mwaka 2006 jarida la Lancet Oncology lilichapisha utafiti wa New York uliofuatilia wagonjwa 662 wenye uvimbe mdogo wa figo, wote wakiwa na kreatinini iliyohesabiwa kuwa ya kawaida na figo zote mbili. Walipokokotoa kiwango cha uchujaji, yaani mililita ambazo figo huchuja kwa dakika, waligundua kwamba asilimia 26 walikuwa chini ya 60 hata kabla ya kuguswa na kisu. Kiwango cha chini ya 60 kikidumu miezi mitatu huitwa ugonjwa sugu wa figo. Katika miaka mitatu baada ya operesheni, uwezekano wa kutokushuka chini ya 60 ulikuwa asilimia 80 kwa waliokatwa sehemu tu ya figo, na asilimia 35 kwa waliotolewa figo nzima.

Kwa hiyo ukipewa kreatinini, omba na kiwango cha uchujaji kilichokokotolewa kwa umri na jinsia. Ni hesabu tu, haihitaji damu nyingine.

Ni magonjwa gani huonekana kwenye sehemu isiyo na uvimbe?

Linaloonekana zaidi ni madhara ya presha na uzee: kuta za mishipa midogo zimenenepa, vichujio vimegeuka makovu, mirija imesinyaa. Kwenye ripoti utakuta arterionefrosklerosisi, au glomerulosklerosisi ikifuatiwa na asilimia. Usiogope asilimia hiyo kabla ya kujua umri. Ipo kanuni ya mkono ambayo wanapatholojia wengi huitumia: gawa umri kwa mbili, toa kumi. Mtu wa miaka 60 akiwa na asilimia 20 ya vichujio vilivyokufa, hiyo inaweza kuwa ni uzee wake tu. Wa miaka 40 akiwa na asilimia hiyohiyo, kuna kitu kimemfanyia hivyo, na lazima kitafutwe.

Kisukari kinafuata. Huacha vinundu ndani ya vichujio, vilivyoelezwa na Kimmelstiel na Wilson mwaka 1936, na hadi leo vinaitwa kwa majina yao. Wapo wanaojua kwamba wana kisukari kwa njia hii, kutoka kwenye figo iliyotolewa kwa sababu nyingine kabisa. Kwa maoni yangu hiyo peke yake inatosha kuhalalisha dakika chache za ziada kwenye darubini.

Kisha kuna yale yasiyo ya kila siku. Amiloidi ni protini inayojikusanya kwenye tishu, na kansa yenyewe ya figo inaweza kuwa chanzo chake. Kuna mabonge ya damu iliyoganda yanayoziba mishipa midogo, ambayo huashiria presha iliyopanda kupita kiasi au tatizo jingine la damu. Kuna ugonjwa wa vichujio unaoambatana na virusi vya UKIMWI. Kuna makovu ya sehemu sehemu yanayovujisha protini. Mwenye selimundu ana alama zake, na hata mwenye kurithi nusu tu ya selimundu, ambaye kwa kawaida haumwi, yuko kwenye hatari ya aina moja adimu na kali ya kansa ya katikati ya figo inayowapata zaidi vijana. Katika nchi yetu, ambako selimundu ni nyingi, kijana mwenye uvimbe wa figo anastahili kipimo hicho bila kungoja.

Inawezekana uvimbe wenyewe usiwe kansa?

Ndiyo, na hutokea zaidi kuliko watu wanavyodhani. Katika uvimbe mdogo usiozidi sentimita 4, takriban mmoja kati ya mitano huwa si kansa. Kuna onkositoma, kuna angiomiolipoma ambayo ni mchanganyiko wa mafuta, misuli na mishipa ya damu.

Yapo pia maambukizo yanayojifanya uvimbe. Kifua kikuu cha figo kinaweza kuonekana kwenye picha kama donge, na figo yenye mawe yaliyoziba kwa muda mrefu inaweza kujaa usaha na chembe zenye mafuta hadi ikadanganya hata jicho la mzoefu. Anayejua hili hatamlaumu daktari aliyesema "inafanana na kansa". Picha ya CT inaona umbo. Kinyama ndicho kinachosema ni nini.

Mjomba anakojoa damu. Watu wa nyumbani wanasema ni kichocho tu, kila mtu huku anacho.

Kichocho cha mkojo kipo ukanda wetu wa pwani, hilo hatubishani. Mtoto anayeoga mtoni akikojoa damu, cha kwanza kushukiwa ni kichocho. Kipimo chake ni rahisi: mkojo uliochukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi, na dawa yake ni prazikwanteli.

Tatizo ni mtu mzima wa miaka hamsini anayekojoa damu bila maumivu, anapewa vidonge vya kichocho, damu inakata, anaridhika. Damu ya kansa ya figo nayo hukata yenyewe kisha ikarudi. Kwa mtu wa umri huo, tiba ya kichocho isifunge mlango wa ultrasaundi. Na kichocho chenyewe si cha kudharau, kwani kikikaa miaka huziba mirija inayoshusha mkojo, figo zikajaa maji na kusinyaa, na kwenye kibofu kinaweza kuleta kansa. Figo ya namna hiyo ikija maabara na uvimbe, mwanapatholojia anatakiwa kueleza yote mawili.

Mtaalamu anayaonaje magonjwa hayo?

Kwanza sampuli ichukuliwe mahali panapofaa. Nyama iliyobanwa na uvimbe huwa imejaa makovu na uchochezi uliosababishwa na kubanwa huko tu, haiwakilishi figo yote. Kwa hiyo hukatwa kipande mbali na uvimbe, kikiwa na gamba la nje la figo ambako vichujio vingi vinakaa.

Kipande hugandishwa kwenye nta, hukatwa vyembamba mno, kisha hupakwa rangi. Rangi ya kawaida inatosha kutambua kansa nyingi, lakini kwa magonjwa haya mengine huongezwa rangi maalumu: PAS inayotoa kuta za vichujio kwa waridi iliyokolea, ya fedha inayozichora kwa weusi, trikromu inayopaka makovu buluu au kijani, na Kongo nyekundu kwa ajili ya amiloidi, ambayo chini ya mwanga uliopolaraizwa hung'aa kijani cha tufaha. Kwa baadhi ya maradhi ya kinga ya mwili hata hizo hazitoshi. Hapo huhitajika immunofluoresensi (rangi zinazong'aa zinazoonyesha kingamwili zilizonasa kwenye tishu) au darubini ya elektroni, vifaa ambavyo havipo kila maabara.

Si lazima kila figo ipitie hayo yote. PAS au ya fedha kwa kila figo iliyotolewa, na nyingine zikionekana zinahitajika, ni utaratibu ambao maabara ya kawaida inaumudu.

Majibu yetu yametaja kansa tu. Je, maana yake sehemu nyingine ni nzima?

Hapana, na hapa ndipo penye kosa kubwa. Mwaka 2007 wanapatholojia wa Marekani walichapisha matokeo ya kurudia kutazama figo zaidi ya 200 zilizokuwa zimetolewa kwa ajili ya uvimbe. Karibu moja kati ya kumi ilikuwa na ugonjwa wa figo usio kansa wa kutia wasiwasi, na sehemu kubwa ya hizo, karibu tisa kati ya kumi, ugonjwa huo ulikuwa umepitwa mara ya kwanza. Hao hawakuwa watu wazembe. Jicho lililotumwa kutafuta kansa huitafuta kansa: aina yake, daraja lake, kama imefika kwenye mshipa, kama kingo ziko safi. Likishayapata hayo, kazi inaonekana imekwisha.

Ndiyo maana Chuo cha Wanapatholojia cha Marekani kikaweka kwenye fomu yake ya kansa ya figo kipengele kinachomlazimu mtaalamu aseme chochote alichokiona kwenye tishu isiyo na uvimbe. Ripoti yenu ikiwa kimya kabisa, ulizeni. Ripoti iliyoandika "tishu ya figo iliyobaki haina ugonjwa" ni jibu. Ripoti isiyoandika kitu bado haijajibu.

Kinyama cha sindano kinatosha, au mpaka figo itolewe?

Inategemea sindano imeingia wapi. Ikilenga uvimbe pekee, utapata habari za uvimbe pekee. Ikipita kwenye nyama ya kawaida ikielekea kwenye uvimbe, au daktari akichukua kipande kingine makusudi upande usio na uvimbe, basi mwanapatholojia ana vichujio vya kutazama. Vikiwa vitatu au vinne huwezi kujenga hoja juu yake. Kwa magonjwa ya vichujio wataalamu hupenda kuona kumi au zaidi. Kama tayari mkojo una protini nyingi au kiwango cha uchujaji kiko chini, ni busara kumwomba daktari afikirie kipande hicho cha ziada, kwa sababu jibu lake linaweza kubadili uamuzi wa kukata figo nzima au sehemu.

Uvimbe usiozidi sentimita 4, mahali penye ujuzi, kwa kawaida hukatwa wenyewe na figo ikaachwa. Hapo sampuli hubeba ukingo mwembamba tu wa nyama nzima, wakati mwingine mdogo mno kusema lolote.

Sindano haitasambaza kansa?

Imewahi kutokea, lakini ni nadra sana. Hatari ya karibu zaidi ni kutoka damu, ndiyo maana utaulizwa kuhusu dawa za kuyeyusha damu na kulazwa kitandani saa kadhaa.

Operesheni itafanyika huku lakini sampuli itasafirishwa. Tuangalie nini?

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bombo inaweza kukupa rufaa kwenda Muhimbili au KCMC Moshi, na wakati mwingine anayesafiri si mgonjwa bali chombo chenye figo ndani. Mara nyingi ndugu ndiye anayekabidhiwa kukipeleka, kwa hiyo ni vizuri ajue anabeba nini.

Chombo kiwe na mdomo mpana na fomalini ya asilimia 10, nyingi kiasi cha mara kumi ya ujazo wa sampuli. Figo nzima ipasuliwe kati kabla ya kutumbukizwa, vinginevyo fomalini hailipenyi tumbo lake na kwa joto letu la Februari katikati huoza huku nje pakionekana pazuri. Isigandishwe kwenye friza. Maji ya kawaida, chumvi au spiriti si mbadala. Jina, namba ya faili, upande wa figo na tarehe viandikwe kwenye chombo chenyewe, siyo kwenye kifuniko, kwani vifuniko hubadilishana.

Na fomu ya maombi ijazwe. Naona fomu nyingi zenye maneno matatu tu: "uvimbe wa figo". Mtaalamu aliye Dar es Salaam hamjui mgonjwa wako. Akiandikiwa kwamba ana presha miaka minane, sukari, protini ya alama mbili (++) kwenye mkojo na kreatinini ya namba fulani, ataitazama tishu isiyo na uvimbe kwa jicho jingine. Kama daktari ana shaka ya ugonjwa wa kinga, awasiliane na maabara kabla ya kisu, maana sampuli ya immunofluoresensi haiwekwi kwenye fomalini.

Majibu yamesema figo ina makovu ya presha na kisukari. Tufanye nini?

Msiishie kliniki ya upasuaji. Ombeni aonwe na daktari wa magonjwa ya ndani, au wa figo akipatikana, akiwa na ripoti mkononi. Vipimo vya kufuatilia ni vitatu na havina makuu: presha, kreatinini pamoja na kiwango cha uchujaji, na protini kwenye mkojo. Mkojo wenye povu lisilokatika ni dalili ya kutajwa mapema. Vipimo hivi virudiwe angalau kila mwaka, na mara nyingi zaidi kwa mwenye matatizo.

Dawa kama enalapril, lisinopril au losartan hushusha presha na kupunguza protini inayovuja, ila baada ya kuanza, damu irudiwe kupimwa ndani ya wiki moja au mbili kuangalia potasiamu na kreatinini. Diklofenaki na ibuprofeni ziachwe. Najua zinauzwa kila duka la dawa kuanzia Barabara ya Kwanza hadi Makorora na ndizo zinazokatiza maumivu ya mgongo, lakini mwenye figo moja yenye makovu hazimfai. Paracetamol kwa kipimo chake ni salama zaidi. Dawa za kienyeji zisizojulikana zilivyochanganywa ziko kundi hilohilo, na kumwambia daktari kwamba umezitumia si aibu.

Chakula: chumvi ndiyo adui wa kwanza, na ng'onda na papa mkavu vina chumvi ya kutisha. Madafu ni suala la hatua. Mwenye figo inayofanya kazi vizuri anywe. Aliyefika hatua za mwisho aulize kwanza, maana dafu lina potasiamu nyingi na potasiamu ikipanda huweza kusimamisha moyo.

Babu alitolewa figo miaka mitatu iliyopita na ripoti haikusema lolote. Tumeshachelewa?

Huenda bado. Vipande vilivyogandishwa kwenye nta hutunzwa na maabara kwa miaka na vinaweza kukatwa upya na kupakwa rangi maalumu bila kumgusa mgonjwa tena. Kinachotakiwa ni namba ya patholojia iliyo juu ya ripoti, na barua ya daktari inayoomba tishu isiyo na uvimbe itazamwe. Amiloidi, kisukari na makovu ya presha vinaonekana vizuri hata kwenye nta ya zamani. Immunofluoresensi ya kawaida haiwezekani tena, ingawa baadhi ya maabara zina njia ya kuifanya kutoka kwenye nta.

Wakati barua inasubiriwa, babu apimwe presha na mkojo wiki hii. Hivyo vinapatikana hata kwenye zahanati.